Mbuzi ya nazi: Jinsi ya kuunda kibao kisichotetereka

UKIPITA katika vichochoro vya Kibokoni au Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, alasiri ya mwezi wa Ramadhani, hukosi kusikia mkwaruzo wa chuma juu ya nyama ya nazi. Hiyo ni mbuzi ikifanya kazi.

Jina hilo huwatatiza wageni wengi wa Pwani. Mgeni akiombwa alete mbuzi jikoni, huenda akaelekea zizini. Kumbe kinachotakiwa ni kibao kifupi cha kukalia, chenye chuma cha meno kilichochomoza mbele, kitumiwacho kukunia nazi.

Bila mbuzi hakuna tui, na bila tui hakuna wali wa nazi, samaki wa kupaka wala mbaazi za kulia mahamri. Siku hizi mashine za umeme zimeenea sokoni na tui la pakiti limejaa madukani. Hata hivyo, umeme unapokatika au mfuko unapotoboka, kibao hiki ndicho kimbilio la jamii nyingi.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mbuzi huundwa kwa pupa. Mbao huwa nyepesi, na chuma hushikizwa kwa misumari miwili tu. Haupiti muda mrefu kabla chuma hakijalegea na kibao kuanza kutetereka. Hapo ndipo vidole hukatwa.

Habari njema ni kwamba mtu yeyote anayeweza kushika msumeno, randa na patasi anaweza kujiundia mbuzi iliyo imara.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni ile inayokunjwa, ambayo mbao zake mbili hupishana mfano wa marufaa ya kuwekea msahafu. Hii huwafaa wakazi wa vyumba vidogo, lakini kuiunda kwahitaji mkono wa fundi. Ya pili ni kigoda kisichokunjwa, na anayejifunza yafaa aanzie hapo.

Kwanza chagua mti. Mvule na msaji hustahimili maji na mchwa, ila bei yake ni ghali. Mwembe hupatikana kwa urahisi na hukatika vyema, lakini huliwa na wadudu usipotunzwa. Ubao wowote utakaouteua sharti uwe umekauka barabara, kwani ubao mbichi hupinda na kupasuka baadaye.

Kata ubao wa kukalia wenye urefu wa sentimita 50 hivi, upana wa sentimita 18 na unene wa sentimita 3. Upunguze upana kuelekea mbele ili magoti yapate nafasi.

Kisha kata miguu miwili ya ubao, yenye kimo cha sentimita 18 hivi. Ichongee ndimi juu, uichimbie ubao wa kukalia matundu, kisha uichomeke. Miguu ipanuke kidogo kuelekea chini.

Hapa ndipo penye siri ya kibao kisichotetereka. Anayekuna huikandamiza nazi kwa nguvu juu ya chuma, na nguvu hiyo hutaka kukiinua kibao kwa nyuma. Uzito wa aliyekaa ndio unaokizuia. Kwa hivyo mguu wa mbele uwe karibu na ncha ya ubao, wala chuma kisichomoze zaidi ya sentimita 12 kupita mguu huo. Kikirefuka mno, mtu mwepesi atapinduka nacho.

Chuma chenyewe kiwe bapa, chenye unene wa milimita 3 au zaidi. Springi kuukuu ya gari hufaa, lakini hiyo yahitaji mhunzi wa kuifua. Epuka chuma kilichopakwa rangi, kwani rangi itabanduka na kuingia katika chakula.

Ncha ya chuma hukatwa kwa umbo la mwezi mchanga, kisha meno huchongwa kwa tupa ya pembe tatu. Meno madogo yanayokaribiana hutoa machicha laini, ambayo hukamulika vyema. Meno makubwa hutoa vipande vinene, na tui nyingi husalia ndani yake.

Usikipigilie chuma kwa misumari. Chimba mfereji ubaoni unaolingana nacho, ukilaze humo, kisha ukikaze kwa bolti mbili zinazopenya hadi chini. Ncha ielekee juu kidogo, na chini yake pabaki nafasi ya kutosha bakuli.

Maliza kwa msasa. Usipake vanishi, mafuta kidogo ya nazi yatosha. Baada ya kazi, osha meno, yakaushe yasishike kutu, na uianike mbuzi kivulini. Jua kali huupasua ubao.

Wenye watoto wachukue tahadhari zaidi. Mbuzi isiachwe sakafuni meno yakiwa wazi. Iegemezwe huku chuma kikielekea ukutani, au meno yafungwe kwa kitambaa kizito.

Kukuna nako kuna adabu zake. Ipasue nazi katikati kwa kuigonga kwa mgongo wa kisu kizito huku ukiizungusha. Anza kukuna ukingoni, uzungushe kifuu pole pole, nawe ukome kabla ya kufikia ngozi ya kahawia, maana hiyo hulitia tui weusi.

Machicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui la kwanza, ambalo ni zito, huwekwa kando na kutiwa chunguni mwishoni ili lisikatike. La pili, jepesi, ndilo hutangulia kupikia. Machicha yaliyosalia ni chakula cha kuku, na vifuu huwa kuni au hutengenezwa pawa.

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka tui naye sharti aketi chini. Alipo kwenye kibao imara, atainuka na vidole vyake vyote, na ubao uo huo wawezekana ukaja kukaliwa na wajukuu wake.