Tuwahesabu Walimu na Wanafunzi

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa Arusha, mkoa wenye wilaya za Karatu na Ngorongoro. Kesho yake shule zikaagizwa kufungwa. Zilipofunguliwa zote Juni 29, takwimu za taifa zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu mapema Mei. Wapo wasemao takwimu huzua hofu, tena watoto hawaugui sana. Ni kweli wengi wao huugua kidogo, lakini mwalimu wa miaka 55 hana nafuu hiyo, hasa baridi ya nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro inapofungisha madirisha ya darasa lililojaa. Na hofu hustawi penye uvumi, si penye hesabu. Daftari la mahudhurio lipo: walimu wakuu, andikeni humo sababu ya kila asiyefika, mwalimu kwa mwanafunzi, na zahanati ilipitie kila wiki.