Mbwa wa ghala: Mlinzi anayezeeka mapema kwa mnyororo na makombo

GIZA linapoingia Namanga, Busia au Tunduma, mfanyabiashara aliyefunga stoo ya mahindi au mitumba huacha mali yake mikononi mwa askari mmoja na mbwa. Askari ana mshahara. Mbwa ana ukoko wa ugali, na mchana kutwa hufungwa mnyororo nyuma ya stoo.

Baada ya miaka michache mbwa huyo amenenepa, anahema akizunguka ua mara moja, na mwizi akija hubweka akiwa amelala. Mwenye mali humwona mvivu na kutafuta mwingine. Lakini nguvu za mbwa hujengwa kuanzia udogoni, na hutunzwa kila siku hadi uzeeni.

Mwaka wa kwanza

Mifupa ya mtoto wa mbwa bado inakua hadi afikishe takriban mwaka mmoja, na kwa mbwa wakubwa hata mwaka na nusu. Katika umri huo anahitaji michezo mifupi mara kadhaa kwa siku. Kukimbizwa nyuma ya pikipiki au kuruka kutoka kwenye lori huweza kumharibu viungo.

Huo pia ndio wakati wa dawa za minyoo na chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, mara nyingi kila mwaka. Anayetaka kumvusha mpaka aulize mapema ofisi ya mifugo kuhusu cheti cha chanjo, cheti cha afya na kibali cha kumwingiza nchi ya pili.

Miaka ya kazi

Mbwa mzima mwenye afya anafaa kutembezwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Kuachiwa uani usiku peke yake hakutoshi, kwa kuwa mbwa wengi hutafuta pembe na kulala.

Saa za mchana ziepukwe. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupoza mwili hasa kwa kuhema. Lami isiyovumilika kwa mgongo wa kiganja kwa sekunde tano itamuunguza nyayo. Hatari zaidi ni kumfungia ndani ya gari lililoegeshwa juani wakati dereva anashughulikia karatasi za forodha. Akihema kwa kasi, akitoa mate mazito na kuyumba, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi ya kawaida, kisha awahishwe kwa daktari.

Sahani yake

Kipimo cha unene hakihitaji mizani. Akipapaswa ubavuni, mbavu zihisiwe bila kubonyeza. Zisipopatikana, chakula kimezidi. Zikionekana zote kwa mbali, kimepungua au ana minyoo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa.

Ugali mtupu hushibisha bila kujenga misuli. Uchanganywe na dagaa wasio na chumvi, utumbo uliopikwa au mabaki ya nyama. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma matumbo. Vitunguu navyo ni sumu kwake.

Kwa wauza nafaka kuna jambo jingine. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la mbwa, na kupika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu, au yaliyokataliwa mpakani, yasiishie kwenye sufuria yake. Mbwa anayesusa chakula, kutapika na kugeuka manjano machoni anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Uzeeni

Kuanzia takriban miaka saba, na mapema kidogo kwa mbwa wakubwa, viungo huanza kukaza. Kosa la kawaida ni kuacha kumtembeza. Safari ziwe fupi lakini za kila siku, chakula kipunguzwe kulingana na kazi, na mahali pa kulala pawe pakavu, si sakafu tupu ya saruji. Meno yake pia yakaguliwe, maana jino bovu humfanya ashindwe kula.

Mwenye ghala anayepanga vizuri huleta mbwa mdogo wakati huo, si baada ya mzee kufa. Mdogo hujifunza ua, harufu za wafanyakazi na saa za malori akiwa kando ya mzee. Usiku mzee akisikia jambo hubweka, na mdogo ndiye anayekimbia.