Je, Wajua? Hadithi Zilizovuka Malaba na Busia

Malori yanapanga foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, yakisubiri kibali. Hadithi hazisubiri!

Mwambu ana kwao pande mbili
Mhusika mkuu wa *Upon This Mountain* (1989), riwaya ya Mganda Timothy Wangusa, anaitwa Mwambu. Ndilo jina la mtu wa kwanza katika masimulizi ya Wabukusu wa Bungoma, Kenya! Wagisu wa Uganda na Wabukusu wanaishi kuuzunguka mlima mmoja, Elgon, wenye mita 4,321, na jando linalomsubiri Mwambu kitabuni huchezwa pande zote mbili.

Ndugu wawili, ikulu mbili
Moody Awori, aliyesimulia maisha yake katika *Riding on a Tiger*, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008. Mdogo wake, Aggrey, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001! Wasamia, kabila lao, wako Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, ndiyo maana hapa kisa cha ukoo mmoja hugeuka historia ya mataifa mawili.

Mashamba ya Kenya, kalamu ya Kampala
Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *Weep Not, Child*, riwaya ya ardhi iliyoporwa na vita vya Mau Mau, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Makerere, Kampala, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1962 alimkabidhi mwandishi Chinua Achebe mswada wake hapo hapo chuoni. Miaka miwili baadaye ukawa kitabu.

Lawino alitokea Nairobi
*Song of Lawino* ya Mganda Okot p'Bitek, shairi refu lenye sauti ya mke wa Kiacholi, ilichapishwa Nairobi mwaka 1966. Uimbaji ulikuwa wa nyumbani: mama yake Okot, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi. Baadaye Okot mwenyewe alihamia Kenya, akafanya kazi Kisumu.

Kofi moja, laana ya miaka 250
Katika *Kintu*, riwaya ya Mganda Jennifer Nansubuga Makumbi, mtawala anamzaba kofi mtoto wa kulea mwaka 1750. Mtoto anakufa, na laana inauandama ukoo hadi 2004! Makumbi ameeleza kwamba baba yake aliugua akili baada ya kuteswa enzi za Idi Amin, na maradhi hayo yamejaa kitabuni. Wachapishaji wa Uingereza waliukataa mswada kwa kuwa eti ni wa Kiafrika mno. Kampuni ya uchapishaji ya Kwani? ya Nairobi iliutunuku 2013, ikauchapisha 2014. Uingereza ilifuata 2018, wakati wasomaji wa Kenya walikuwa wameshakimaliza kitabu zamani.