Spaç: Machimbo Yaliyomeza Waume na Baba za Watu

Kaskazini mwa Albania, katika milima ya Mirditë, kuna majengo ya saruji yasiyo na milango wala madirisha, yamesimama ubavuni mwa bonde lililo wazi kwa upepo. Mahali hapo panaitwa Spaç. Tangu mwaka 1968 hadi utawala wa kikomunisti ulipokuwa ukianguka, palikuwa ni kambi ya wafungwa wa kisiasa waliochimba shaba na pairiti, lile jiwe lenye salfa ambalo kwa mbali hung'aa kama dhahabu. Tumeona tuwaletee wasomaji wetu habari zake, kwa sababu Albania ni nchi ambayo wakazi wake wengi wana asili ya Uislamu, na kwa sababu adhabu ya Spaç haikuishia kwa mfungwa peke yake. Iliingia hadi jikoni kwa mkewe.

Mtawala wa nchi hiyo alikuwa Enver Hoxha, mzaliwa wa familia ya Kiislamu ya mji wa Gjirokastër. Jina lake lenyewe, Hoxha, ndilo neno lile lile khoja, yaani mwalimu wa dini. Mwaka 1967 serikali yake ilifunga misikiti, makanisa na zawiya zote, na Albania ikajitangaza kuwa dola la kwanza duniani lisilokuwa na dini. Katiba ya mwaka 1976 ikasema bayana kwamba dola halitambui dini yoyote. Misikiti mingine ilibomolewa, mingine ikageuzwa maghala. Katika mwezi wa Ramadhani watoto waliweza kupewa chakula shuleni mchana ili ijulikane nyumba gani inafunga. Bibi aliyetaka kumfundisha mjukuu wake Al-Fatiha alimfundisha kwa kunong'ona, na kwanza alimtazama sana mtoto huyo kama anaweza kutunza siri.

Haikuhitaji kosa kubwa mtu kupelekwa Spaç. Kuna aliyefungwa kwa kulalamikia uhaba wa mkate, aliyejaribu kuvuka mpaka, na aliyeandika jambo katika daftari lake la siri. Mwandishi Fatos Lubonja alikamatwa mwaka 1974, akiwa kijana, baada ya polisi kukuta maandishi yake ya kila siku yaliyomkosoa Hoxha. Akiwa bado kifungoni aliongezewa hukumu nyingine, na hakutoka hadi mwaka 1991. Kuhukumiwa mara ya pili ndani ya kambi kulikuwa jambo la kawaida. Neno moja tu alilolisikia mpelelezi lilitosha kumfutia mtu tarehe yake ya kutoka.

Kazi ilikwenda kwa zamu tatu, usiku na mchana. Wafungwa walisukuma vigari vya chuma vilivyojaa mawe katika mahandaki. Ndani palikuwa na joto, na maji yaliyodondoka kutoka kwenye pairiti yalikuwa na asidi iliyokula nguo na kuchoma ngozi. Wakitoka nje, wakiwa wamelowa jasho na maji hayo, walikutana na theluji ya milimani. Kila mtu alipangiwa kiwango cha kazi. Asiyekifikia aliweza kurudishwa shimoni, kufungwa kwa waya kwenye nguzo nje katika baridi, au kutiwa katika chumba cha upweke kisichokuwa na kitanda. Shaba ilikuwa mali ya kuuzwa nje, na dola lililojitenga na karibu ulimwengu mzima lilikuwa na shida kubwa ya fedha za kigeni. Mfungwa alikuwa kibarua asiyeweza kugoma.

Lakini aligoma. Tarehe 21 Mei 1973 wafungwa waliasi, wakaishika kambi, wakapandisha bendera ya Albania iliyoondolewa ile nyota ya kikomunisti. Siku ya tatu askari waliwazima. Wanne walipigwa risasi: Pal Zefi, Skënder Daja, Hajri Pashaj na Dervish Bejko. Hebu yatazame majina hayo, ndugu msomaji. Pal ni Paulo, na Dervish ni Darweshi. Mkristo na Mwislamu walikula mkate mmoja mle ndani, wakafa pamoja.

Na huko majumbani je? Waalbania walikuwa na neno moja la kuogofya, nalo ni biografi, yaani historia ya ukoo wako kama ilivyoandikwa katika majalada ya serikali. Mtoto wa mfungwa wa kisiasa alikuwa na biografi mbaya. Chuo kikuu hakukipata, kazi nzuri hakuipata, na wazazi wa wengine walisita kumwoza binti yao. Familia nzima nzima zilihamishiwa vijiji vya uhamisho, zikalima chini ya uangalizi. Wake walishinikizwa kudai talaka ili kuwaokoa watoto, na wapo waliodai. Sisi hatuthubutu kuwalaumu. Wengine walikataa, wakawa wanasafiri kwa gari na kwa miguu hadi bondeni wakiwa na kifurushi cha chakula, ili wamwone mume kwa dakika chache mbele ya mlinzi.

Miongoni mwa waliopita katika magereza ya utawala huo ni mwanachuoni Hafiz Sabri Koçi wa Shkodër, aliyekamatwa mwaka 1966 na kukaa kifungoni zaidi ya miaka 20. Mus-haf hakuruhusiwa kuwa nao, lakini yeye alikuwa ameihifadhi Qur'ani moyoni, na kifua cha mtu hakipekuliwi. Siku ya Ijumaa, tarehe 16 Novemba 1990, chama cha kikomunisti kikiwa bado madarakani, aliwaongoza maelfu ya watu katika sala mbele ya Msikiti wa Risasi, ule wa karne ya 18 ambao mapaa yake yalifunikwa kwa madini hayo. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu ibada ya hadhara kupigwa marufuku. Katika umati ule walikuwemo vijana wengi ambao hawajapata kusali hata mara moja, wakawa wanawatazama wazee walio kando yao, wazee wakiinama nao wanainama.