Nyota moja haimsaidii mpanda majabali

Mwezi uliopita nilitoka Mombasa hadi Nairobi, nikapanda matatu ya kupitia Narok, Bomet na Sotik mpaka Keroka, kumtembelea rafiki yangu tuliyesoma naye diploma. Sisi watu wa pwani tukisikia Kisii, mawazo yetu hukimbilia ndizi na parachichi. Nilitarajia kurudi na kikapu tu, lakini nimerudi na jambo ambalo naona litatufaa hata sisi wa huku.

Mwana wa rafiki yangu, kijana wa chuo, ni mpanda majabali. Mchezo huu haujaenea kwetu, ingawa Kenya unachezwa tangu zamani. Chama cha wapanda milima cha Kenya kilianzishwa mwaka 1949, na kila msafiri wa basi la Mombasa hulipita jabali la Lukenya, karibu na Athi River, ambako wapandaji hufanyia mazoezi. Zamani mwongozo wao ulikuwa kitabu. Siku hizi ni programu ya simu: unafungua, unaona jabali liko wapi, lina urefu gani na ugumu gani, na ufike kwa njia ipi.

Kijana alikuwa na programu kama hiyo. Asubuhi moja akanichukua mimi na wenzake wawili kwenda kwenye mwamba ulio vilimani, nje kidogo ya mji. Kwanza alipotafuta "Kisii" hakuupata. Keroka imekaa mpakani mwa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na mwamba ule ulikuwa umeandikwa chini ya Nyamira peke yake. Kisha njia iliyochorwa ikatupitisha katikati ya migomba ya bibi mmoja. Akatusimamisha. Tulimwamkia, tukaomba radhi, naye akaturuhusu, ila akauliza swali la haki: "Nani aliwaambia hapa ni njia?"

Kosa kubwa lilikuwa mbele. Programu ilisema mwamba una urefu wa mita 12. Kijana alikuwa na kamba ya mita 30. Ukiipitisha kwenye mti ulio juu na kuikunja mara mbili, unapata mita 15 kila upande, kwa hivyo hesabu yake ilikuwa sawa. Akaanza kushuka kwa kamba. Alipofika chini ya katikati, tulio chini tukaona ncha za kamba zinaning'inia hewani. Mwamba ulikuwa na mita 18, si 12.

Alhamdulillahi, alikuwa amepiga fundo katika kila ncha. Bila mafundo yale, kamba ingepita yote kwenye kifaa chake cha kushukia, naye angeanguka mita tatu juu ya mawe. Alikwama kwenye fundo, akaegemea mwamba, na wenzake wakakimbilia kwa bibi yule yule kuazima ngazi ya kuchumia parachichi. Alipokanyaga ardhi hakuna aliyesema neno kwa muda. Mchana mvua ikateremka, mwamba ukawa kama sabuni, tukarudi nyumbani.

Jioni kijana akachukua simu kwa hasira, akaipa programu nyota moja na kuandika: "Programu mbovu, mnataka kutuua."

Nikamwambia, "Mwanangu, ukimpelekea fundi gari ukamwambia tu ni bovu, atafungua wapi?"

"Lakini anko, si ni kweli?"

Kweli ilikuwa kweli, ila haikumfaa mtu. Aliyetengeneza programu hajui ni mwamba gani, kosa gani, wala ukweli ni upi. Na mpandaji atakayekuja kesho akiwa na kamba ya mita 30 bado atasoma mita 12.

Tukakaa tukaandika upya. Tulitaja jina la mwamba kama lilivyo kwenye programu, na jina wanaloliita wenyeji. Tukaandika tarehe tuliyofika. Tukaeleza kilichoandikwa, mita 12, na tulichokipima wenyewe kwa kamba, mita 18, kwa hivyo anayeshuka kwa kamba iliyokunjwa anahitaji ya mita 40 au zaidi. Tukaambatisha picha. Tukaongeza kuwa njia inapita shamba la mtu na lazima kuomba ruhusa. Kwamba nyanda hizi mvua hupenda kunyesha mchana, basi watu wapande asubuhi. Na kwamba mtandao ulikatika kule juu, hivyo ukurasa wa mwamba uweze kuhifadhiwa kwenye simu kabla ya safari. Mwisho tukapendekeza mambo mawili: Keroka ipatikane mtu akitafuta kaunti yoyote kati ya hizo mbili, na kila mwamba uonyeshe tarehe ya mwisho uliyothibitishwa na mtu aliyefika.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwongozo ni amana. Aliyeandika mita 12 huenda alikadiria kwa macho, au alinakili kwa mwenziwe. Msomaji hawezi kujua, kwa sababu kwenye simu kipimo na makadirio vinaonekana sawasawa.

Kwetu pwani hili si geni. Neno letu "ramani" lina asili ya baharini: manahodha wa Kiarabu na Kiajemi walikuwa na vitabu vya njia za bahari vilivyoitwa rahmani. Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa karne ya 15, aliwaheshimu waandishi waliomtangulia, lakini akawakosoa kwamba walikusanya habari bila kuzijaribu wenyewe safarini. Yeye alisahihisha kwa aliyoyaona. Wavuvi wetu nao wanajua: mtu akikwambia mlango fulani wa mwamba unapitika, utamwuliza kwanza alipita lini, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Jibu lisilo na hayo halikufikishi ufukweni.

Wenye programu nao wana wajibu wao. Kitufe cha kuripoti kosa kiwe kwenye ukurasa wa kila mwamba, si kufichwa ndani ya mipangilio. Ripoti inayogusa uhai wa mtu itangulie ripoti ya rangi na maandishi. Na wakati ukweli unatafutwa, waweke onyo papo hapo kwamba urefu huu una shaka. Kitabu kikikosea husubiri toleo jipya. Programu haina udhuru huo.

Siku ya tatu kijana alinipigia nikiwa nimesharudi Mombasa. Onyo limewekwa, nao wameomba watu wawili zaidi wapime kabla ya kubadilisha namba. Nimeona ni busara, maana hata sisi tungeweza kukosea.

Basi wewe unayetumia programu ya kuongoza watalii, ya usafiri au ya hali ya bahari, ukiona kosa usiishie kwenye nyota na matusi. Sema wapi, lini, kilichoandikwa na ulichokikuta. Yule bibi wa Keroka bado anauliza nani alisema migomba yake ni njia, na mpaka naandika haya njia ile haijafutwa. Kijana ameshaandika tena.