Mwezi Gani Ununue TV? Anza kwa Kuangalia Mfuko Wako

Kila mwaka ukikaribia kuisha, swali hili haliishi: ninunue TV sasa ama ningoje kidogo? Mabango ya ofa yako kila mahali, simu inalia meseji za punguzo, na TV ya sebuleni imeanza kuonyesha mistari.

Tuanze na jibu fupi kwa wenye haraka. Kama una pesa taslimu, Novemba ndio mwezi wa kwanza wa kuangalia. Ukiukosa, angalia mwisho wa Januari hadi Februari. Kama huna pesa taslimu, mwezi mzuri ni ule utakaokuwa nayo. Hilo la mwisho ndilo wengi wetu husahau, na ndilo linalotutoa pesa nyingi kuliko ofa yoyote tuliyowahi kukosa. Twende pole pole.

Novemba: ofa za kweli na ofa za kuchora

Black Friday ilitoka Marekani, ambako ni Ijumaa inayofuata sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba. Huku kwetu maduka ya mtandaoni na supamaketi wameivuta mpaka ikawa karibu mwezi mzima. Bei hushuka kwa sababu wauzaji wengi wanashindana wakati mmoja na wanataka kupunguza mzigo kabla mwaka haujaisha.

Lakini si kila punguzo ni punguzo. Bango likisema “Ilikuwa 45,000, sasa 31,999”, jiulize: ilikuwa 45,000 lini, na wapi? Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji bidhaa ya 2012 inakataza muuzaji kumdanganya mnunuzi, pamoja na kudai nafuu ya bei ambayo haipo. Hata hivyo, kinga ya haraka zaidi ni daftari lako mwenyewe.

Fanya hivi. Mwezi wa Septemba chagua TV unayotaka na uandike nambari kamili ya modeli, si kampuni na inchi tu. TV mbili za inchi 43 za kampuni moja zinaweza kuwa tofauti kabisa: moja ni smart ya 4K, nyingine ni ya kawaida. Kisha kila baada ya wiki mbili angalia bei yake katika maduka matatu na uipige picha ya skrini. Novemba ikifika, pima ofa kwa bei ulizoandika wewe, si ile iliyokatwa kwa wino mwekundu.

Desemba hapana, Januari labda

Wiki za mwisho za Desemba muuzaji hana sababu ya kukubembeleza. Watu wamepata bonasi, wengine wanataka kupeleka TV ushago, na duka limejaa. Ukiingia hapo tarehe 22 ukiwa na haraka, utalipa bei utakayoambiwa.

Januari mambo hugeuka. Karo, sare na vitabu vimemaliza pesa za kila mtu, ndiyo maana tunauita Njaanuari. Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi wakati huo na pesa mkononi, wewe ndiye unayebembelezwa. Hapo ndipo pa kupatana bei, ama kuomba kibanio cha ukutani na usafiri viwe bure.

Kuna sababu nyingine. Kila Januari kampuni kubwa za TV hutangaza modeli mpya kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas. Modeli hizo hufika madukani miezi kadhaa baadaye, na zile za mwaka uliopita huanza kushushwa bei ili kuzipa nafasi. Kwa habari, mpira na vipindi vya jioni, TV ya mwaka jana haitakupungukia kitu.

Sharti ni moja: karo iwe imelipwa kwanza. TV ya bei nafuu iliyonunuliwa na pesa ya shule si ya bei nafuu.

Mpira, dola na bajeti

Kabla ya mashindano makubwa, wanaotafuta TV huongezeka na nguvu yako ya kupatana bei hupungua. Kombe la Dunia la 2026 ni la Juni 11 hadi Julai 19, na AFCON ya 2027 imepangiwa hapa Kenya, Uganda na Tanzania. Ukitaka TV kwa ajili ya mpira, inunue miezi miwili mitatu mapema. Ukingoja wiki ya mechi ya ufunguzi umechelewa.

Angalia pia dola. TV nyingi tunazonunua, ama vipuri vyake, hutoka nje na hulipiwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Muuzaji aliyeagiza mzigo kwa 160 hawezi kukushushia bei siku hiyo hiyo, anataka kwanza kumaliza wa zamani. Kwa hivyo shilingi ikipata nguvu, ngoja mzigo mpya uingie. Shilingi ikianza kudhoofika na pesa unayo, nunua ule ulioko dukani kabla haujaisha.

Na Juni bajeti inaposomwa, sikiliza habari. Mabadiliko mengi ya ushuru huanza Julai 1, na bidhaa za nje ndizo huguswa mapema.

Hesabu ambayo bango halikuonyeshi

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme TV ni 32,000 taslimu. Duka linakupa mpango wa lipa mdogo mdogo: 6,000 ya kwanza, kisha 120 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 120 inaonekana ndogo, si ni chai na mandazi?

Piga hesabu. 120 mara siku 365 ni 43,800. Ongeza 6,000 ya kwanza, unapata 49,800. Umelipa 17,800 zaidi ya bei ya taslimu. Hakuna ofa ya Novemba itakayokurudishia pesa hiyo.

Geuza mpango huo huo. Chukua ile 6,000 uiweke kwenye akiba ya simu iliyofungwa, kisha uongeze 120 kila siku kuanzia Februari 1. Inabaki 26,000, nayo itafika baada ya siku 217, yaani mwanzoni mwa Septemba. Septemba ndio mwezi wa kuanza kuandika bei. Ukiendelea kuweka mpaka Novemba, una pesa yote na ziada kidogo, na ofa zinakukuta ukiwa tayari.

Mifano hii ni yetu ya kuelezea tu. Mpango utakaopewa wewe utakuwa na namba zake. Kabla ya kukubali, uliza maswali mawili: jumla nitalipa ngapi mpaka mwisho, na nikichelewa siku moja ni nini kitatokea? Asiyetaka kukuambia jumla, achana naye. Fanya vivyo hivyo na mkopo wa simu. Ada ya kila siku inaweza kumeza punguzo lote kabla hujamaliza kulipa.

Kuna wakati lipa mdogo mdogo ina maana. Kama una kinyozi ama hoteli, na TV ndiyo inaleta wateja jioni za mechi, linganisha ile 120 na kile itakachokuingizia kwa siku. Ikiwa TV inajilipa, sawa. Ikiwa ni ya nyumbani na iliyopo bado inaonyesha picha, ngoja.

Usiangalie bei peke yake

TV ya 28,000 inaweza kukugharimu kuliko ya 30,000. Hakikisha ina DVB-T2 ndani, mfumo wa kidijitali unaotumika Kenya. Ikiwa nayo, utapata vituo vya bure kwa antena bila kununua king’amuzi. Isipokuwa nayo, ongeza bei ya king’amuzi kwenye hesabu. Uliza pia waranti ni ya muda gani, na fundi wake yuko mji gani. Waranti ya miaka miwili ambayo fundi wake yuko Nairobi pekee haimsaidii sana mtu wa Lodwar.

Siku ya kulipa

Msimu wa ofa ni msimu wa matapeli pia. Kabla hujaweka PIN:

- Lipa kwa nambari ya Till ama Paybill ya duka, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi “kwa sababu Till ina shida leo”.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini. Lisipofanana na la duka, simama hapo hapo.
- Usifungue linki ya ofa uliyotumiwa kwa meseji ama WhatsApp. Ingia kwenye tovuti ama app ya duka wewe mwenyewe.
- Ukinunua mtandaoni kwa muuzaji usiyemjua, chagua kulipa mzigo ukifika. Akikataa, tafuta mwingine.
- TV iwashwe mbele yako, dukani ama mlangoni. Kioo kikiwa na ufa, utauona kabla boksi halijafungwa tena.
- Risiti iandikwe modeli na nambari ya siri iliyo nyuma ya TV. Meseji ya malipo ihifadhi, inaonyesha tarehe, kiasi na nani alipokea.

Ukikosea nambari, usingoje kesho. Omba pesa irudishwe mara moja kupitia menyu ama huduma kwa wateja, kabla aliyepokea hajaitoa.

Kwa hivyo leo, kabla ya kuangalia TV yoyote, fungua akiba yako ya simu, uipe jina “TV”, na uweke kiasi unachoweza kuweka kila siku bila kugusa chakula wala karo. Gawanya bei kwa kiasi hicho. Jibu ni idadi ya siku zilizobaki, na zikihesabika kwenye kalenda zitakuonyesha mwezi wako wa kununua ni upi.