Ajali Ina Saa Yake na Mahali Pake

Mtu akifa kwa malaria, jirani zake husema ameuawa na mbu, na kesho yake wengine huenda kutafuta chandarua. Lakini mtu akigongwa na pikipiki arudipo kutoka sokoni, jirani hao hao husema siku yake ilikuwa imefika. Hakuna aulizaye pikipiki ile ilikuwa ikienda mbio kiasi gani, wala kama mahali pale pana taa, wala kama hapakugongwa mtu mwingine papo hapo mwaka uliopita. Mazishi yakiisha, na maneno huisha.

Si sisi wanakijiji tu tulio na desturi hiyo. Hata madaktari, kwa miaka mingi, walihesabu ndui, kifua kikuu na kuhara, na ajali wakawaachia polisi na mahakimu. Mmoja wa waliogeuza fikira hizo alikuwa daktari Mmarekani, William Haddon, ambaye mwaka 1966 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya usalama barabarani katika serikali kuu ya nchi yake. Haddon aliyatazama majeraha kama mganga atazamavyo homa. Homa huletwa na kijidudu. Jeraha huletwa na nguvu, iwe nguvu ya mwendo, ya moto au ya umeme, inayoufikia mwili kwa kiasi ambacho mwili hauwezi kukistahimili. Basi kwa kila ajali aliuliza mambo matatu: kulikuwa na nini kabla yake, nini kilitokea wakati ule ule, na nini kilifanywa baadaye. Katika kila moja ya nyakati hizo tatu mna jambo ambalo mtu angaliweza kulifanya na hakulifanya.

Sisemi kwamba hakuna kudra. Mwenye imani aweza kuamini kwamba siku ya kufa imekwisha andikwa, na hata hivyo kila usiku hufunga mlango wake kwa komeo.

Hesabu zenyewe ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba majeraha ya kila namna huua watu 4,400,000 hivi kila mwaka, yaani kama watu 8 katika kila 100 wanaokufa ulimwenguni. Barabara peke yake ziliua watu 1,190,000 mwaka 2021. Zaidi ya 9 katika kila 10 ya hao walikufa katika nchi maskini na zile za mapato ya kadiri, ijapokuwa nchi hizo zina kama 6 tu katika kila magari 10 ya dunia. Wenye magari machache ndio wazikao wengi. Na kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali ya barabarani ndiyo inayoongoza kwa kuua kuliko ugonjwa wo wote. Mzazi msomaji na aufikirie umri huo. Ndio umri wa mtoto aanzaye shule, hata wa kijana ambaye karo yake imekwisha lipwa yote na sasa ndipo anaanza kuwasaidia waliomlea.

Katika Kenya, mamlaka ya usafiri ilihesabu watu 4,748 waliouawa barabarani mwaka 2024. Waliokuwa wengi zaidi ni wale waendao kwa miguu, ambao hawakuwa na gari lo lote.

Yako mambo mawili yaliyofanywa katika nchi hii yafaayo kukumbukwa. La kwanza lajulikana na wengi. Mwezi wa Februari 2004 zilianza kutumika kanuni za waziri John Michuki juu ya matatu: kila gari liwe na mikanda, na kiwekwe kifaa cha kulizuia lisipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Watu walizikubali kwa furaha, kisha pole pole mikanda ikachakaa, na vile vifaa vya kuzuia mwendo vikachezewa na wenye magari.

Jambo la pili ni dogo, na kwa hiyo halikutangazwa sana, ingawa kwa maoni yangu lina mafunzo zaidi. Mwaka 2008 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walibandika karatasi ndani ya matatu ziendazo safari za mbali. Magari ya kubandikwa yalichaguliwa kwa kura, na mengine yakaachwa vile vile ili yalinganishwe nayo. Maneno ya karatasi hizo hayakuelekezwa kwa dereva hata kidogo, bali kwa abiria. Yalimwambia asinyamaze aonapo gari linaendeshwa vibaya. Aseme, alalamike, awaombe wenziwe waseme pamoja naye. Na ili madereva wasizibandue, walichezewa bahati nasibu kila wiki, na aliyeonekana bado anazo aweza kupata zawadi.

Kisha vikatazamwa vitabu vya makampuni ya bima. Katika magari yaliyobandikwa, madai ya ajali yalikuwa yamepungua kwa nusu, hata kufikia theluthi mbili, yakilinganishwa na yale yasiyobandikwa. Jaribio jingine kubwa zaidi, la magari kama 12,000, lilitolewa habari zake mwaka 2015, na humo madai yalipungua kwa robo hata theluthi. Hapakujengwa barabara mpya, wala hapakuongezwa askari. Kilichoongezwa ni karatasi na sauti ya mtu aliyeketi nyuma.

Kwa nini abiria hunyamaza? Kila asafiriye ajua. Mzee hunyamaza kwa kuilinda heshima yake, maana utingo aweza kumjibu kama mtoto. Mama hunyamaza kwa kuwa nauli yake ilikuwa ya mwisho na ataka kufika. Karani aliyevaa tai hunyamaza akidhani wengine hawaogopi, nao wengine wadhani yeye haogopi. Mwandishi wa makala hii naye amekwisha nyamaza zaidi ya mara moja, akishika kiti cha mbele kwa mikono miwili huku akisoma dua kimoyomoyo. Lakini mtu mmoja akiisha kusema, “Dereva, punguza mwendo, tuna watoto,” mara gari zima hupata ulimi. Na tena kupunguza huko si jambo dogo: wachunguzi wa mambo haya wasema kwamba mwendo ukizidi kwa sehemu 1 katika 100, hatari ya ajali ya kuua huzidi kwa sehemu 4.

Sasa tuache barabara twende nyumbani, maana msomaji mkulima aweza kusema kwamba yeye hasafiri. Katika vijiji vya Bangladeshi, nchi yenye maji mengi, karibu kila mji una kidimbwi chake, na watoto wadogo walikuwa wakifa humo kwa maelfu. Watu walikuwa wakisema ni majaaliwa. Kisha waliohesabu vifo hivyo wakaviandika saa na mahali, na jambo likadhihirika ambalo kila mama alilijua bila kulijua. Wengi wa watoto hao walizama hatua chache tu kutoka mlangoni pao, katika mita 20 au chini yake, na saa yenyewe ilikuwa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Hiyo ndiyo saa ambayo baba yu shambani, ndugu wakubwa wako shuleni, na mama ameinama juu ya jiko au ufagio. Mtoto mdogo azamapo hapigi kelele. Hutoweka tu.

Dawa iliyopatikana ilitokana na saa hiyo. Mwanamke mmoja wa kijiji alifundishwa, akawa anawakusanya watoto wadogo wa jirani nyumbani mwake asubuhi ile, akiwachezesha na kuwatazama mpaka mama zao wamalize kazi. Nyumba hizo waliziita Anchal. Kwa watoto waliowekwa humo, vifo vya kuzama vilipungua kwa zaidi ya 80 katika 100, na mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilikubali mpango wa kuweka vituo 8,000 vya namna hiyo.

Mkulima wa Machakos au Laikipia aliyechimba bwawa la kuweka maji ya mvua amefanya jambo la busara sana kwa ng’ombe na mboga zake. Lakini je, ameliwekea ua? Miti michache ya mwituni na lango lenye kufungwa juu, mahali asipofikia mtoto, hugharimu siku mbili za kazi. Na kisima nacho kifunikwe, pamoja na shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi kungojea fedha za kulimalizia. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto hujua chupa kwa umbo lake. Na yule mwenye mashine ya kukatia majani ya nepia asimpe mtoto kazi ya kuilisha. Vidole huenda pamoja na majani.

Juu ya pikipiki nitasema machache. Huko Vietnam, nchi ya pikipiki nyingi kuliko yetu, sheria ya kuvaa kofia ngumu kwa kila apandaye ilianza kutumika kwa nguvu tarehe 15 Desemba 2007, na kwa muda mfupi waliovaa wakawa zaidi ya 9 katika 10. Kwetu abiria wa bodaboda huikataa kofia kwa kuwa imevaliwa na vichwa vingi kabla ya chake. Sababu hiyo si ya kuchekwa. Kitambaa safi cha kufunga kichwani kwanza chatosha kuiondoa. Kofia isiyofungwa kidevuni, hata hivyo, ni kama haikuvaliwa, maana huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Limebaki lile swali la tatu la Haddon, yaani kilichofanywa baadaye. Mahali pasipo gari la wagonjwa, mwokozi wa kwanza ni ye yote aliyepo. Kaskazini mwa Iraki na katika Kambodia, nchi zilizojaa mabomu yaliyozikwa ardhini, wanakijiji walifundishwa tangu 1997 kufungua njia ya pumzi na kuzuia damu, na wasaidizi wa afya wakafundishwa zaidi. Katika miaka mitano vifo vya walioumia vibaya vilishuka kutoka 40 katika kila 100 hata kama 15. Damu itokayo kwa wingi yazuiwa kwa kubana jeraha kwa nguvu, kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Aliyeangushwa asivutwe mikono na miguu kama gunia, bali shingo na mgongo vishikwe vikiwa vimenyooka, achukuliwe juu ya ubao au mlango.

Msomaji aliye karani, au mwalimu, au katibu wa chama cha ushirika, ana kalamu, na kwa kalamu hiyo aweza kufanya jambo moja ambalo wengine hawawezi. Barua iendayo kwa wakuu ikisema, “Barabara yetu ni mbaya, twaomba msaada,” itakaa mezani pamoja na nyingine mia. Lakini anunue daftari. Kila mtu aumiapo katika kata aandike tarehe, saa, mahali, umri wa aliyeumia, na kilichomuumiza, bila kuweka jina. Miezi sita ikipita aipeleke hesabu hiyo barazani kwa chifu. Kama itaonekana kwamba watu wanne wamegongwa mbele ya lango la shule lile lile, na watatu kati yao kabla ya saa mbili asubuhi, basi barua itajua la kuomba: tuta moja, mahali pale, na mtu wa kuwavusha watoto saa ile.